Uso wa Yuda

Kericho, Disemba 1954

Ndugu yangu Zacheus,

Sisi hapa tuko wazima, na ng'ombe amezaa.

Padri wetu Mwitaliano amemaliza bamba la shaba la Karamu ya Mwisho. Mitume wametokeza kwenye shaba kama wanataka kuinuka mezani, na wote wana sura za watu wa hapa. Padri anasema mafundi wa zamani wa kwao waliamini uso wa mtu wa kawaida unatosha kumtukuza Mungu.

Yuda ana uso wa mume wangu, Gichuki.

Nilimwuliza Padri, "Kwa nini ulimchagua yeye?"

Akajibu, "Mama, sikumchagua. Aliomba mwenyewe."

Neno hilo linanisumbua tangu askari wa Mwingereza wamchukue jirani yetu Nganga, aliyekuwa akisakwa kama wewe. Walienda moja kwa moja hadi alipojificha, na tuliopajua ni mimi na Gichuki tu.

Jana Gichuki aliniuliza unalala kwa nani huko Londiani. Nikasema sijui. Leo ameuliza tena, akitabasamu.

Hama, ndugu yangu, na usiniambie umehamia wapi.

Dada yako anayekuombea,
Nyathira