Malka Haifungwi kwa Dua

Alhamisi, kiangazi, 1996

Jua la leo halina adabu. Vumbi limeingia hadi kwenye sukari, mto umekonda, nami nimekaa kibarazani baada ya alasiri na hasira ambayo sijui niiweke wapi. Basi naiweka hapa.

Wanataka kufunga malka yetu.

Kwa asiyetujua: hapa Garissa mashamba yamejipanga kando ya Tana, na katikati yake imeachwa njia pana ya mifugo kushuka majini. Hiyo ndiyo malka. Haina mwenyewe. Mtu akija na ngamia kutoka upande wa Diff, ambako mabwawa yamekauka, hatumuulizi ukoo wake. Anapita, wanyama wanakunywa. Hooyo, mama yangu, amenywesha mbuzi wake pale tangu kabla sijazaliwa. Sasa kuna tajiri anataka kujenga kiwanda cha ngozi papo hapo, azungushe waya mpaka ukingoni, na maji ya dawa zake yamwagike mtoni. Mbuzi wetu wanywe wapi, kwenye mfereji wake?

Asubuhi kulikuwa na baraza. Mwalimu mkuu alinionya jana nisiende, eti mwalimu ni mtumishi wa serikali. Nikaenda. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Tajiri alizungumza vizuri, sitamnyima haki yake. Aliahidi kazi kwa vijana. Nakiri moyo wangu ulitetereka kidogo, maana ndugu zangu wawili wanashinda mjini wakitafuna miraa na kusubiri kazi isiyokuja. Nikajiambia, labda. Kisha nikakumbuka kwamba hata mwenye mshahara hunywa maji.

Ndipo diwani wetu, Dubow, akafanya ujanja wake. Kabla mwananchi hata mmoja hajauliza swali, alisimama akamwomba sheikh atuombee dua. Huku kwetu dua ndiyo muhuri. Wazee hubishana hata siku nzima, lakini dua ikisomwa na watu wakasema amina, neno limekwisha. Atakayelifufua ataonekana amemdhihaki Mungu. Dubow analijua hilo vizuri sana. Amelelewa humu.

Viganja vikainuka uwanja mzima. Na vyangu pia! Mikono ilikwenda yenyewe, kwa mazoea, na mimi ndiye niliyekuja kupinga.

Viganja vya hooyo vilibaki mapajani.

Akasimama upande wa wanawake kabla sheikh hajafungua kinywa. "Sheikh, subiri. Dua ni ya watu waliokwisha kusema. Sisi tumesema nini?"

Dubow alijaribu kucheka. "Eddo, shangazi yangu, keti. Mambo haya tutayazungumza nyumbani."

"Nyumbani utakunywa chai," hooyo akamjibu. "Mto tutauzungumzia hapahapa."

Wallahi, nilitamani kupiga kigelegele. Sheikh aliteremsha mikono yake taratibu, akasema mama huyu ana haki, na akarudi kuketi. Viganja vikashuka kimoja baada ya kingine, vya wanawake kwanza.

Bwana D.O., mkuu wa tarafa aliyeongoza baraza, ni mgeni kutoka Kenya, kama tunavyopaita ng'ambo ya daraja, na Kisomali hakijui. Akamuuliza diwani kuna nini. Diwani akaangalia viatu vyake. Wazee wakaangalia mbali. Nikasimama mimi, nikamweleza kwa Kiswahili: "Bwana D.O., dua haikusomwa. Hapa hakuna makubaliano. Watu hawataki malka ifungwe."

Akaniuliza jina langu. Nikalitaja. Akaniuliza shule yangu. Nikaitaja kwa sauti, ili hata wa nyuma wasikie.

Akafunga baraza kwa hasira. Tajiri akasema yeye hana haja ya dua, vibali anavyo, na kesho asubuhi watu wake watachimbia nguzo na kufunga waya.

Mchana mwalimu mkuu amenitumia salamu kwamba huenda nikahamishiwa Takaba. Anadhani ataniogopesha. Takaba nako kuna watoto wanaotaka kusoma! Lakini nisijidanganye, ujumbe ule umeniuma. Hooyo ana umri mkubwa, na nikienda mbali hivyo nitakuwa namwona likizo tu. Nilimwambia. Akaniuliza, "Na mto ukifungwa, utakuja likizo kunitembelea wapi?"

Kisha akaendelea na kazi yake. Leo hakuwapeleka mbuzi mtoni. Amepeleka neno kwa majirani wote na kwa wenye ngamia waliopiga kambi nje ya mji: leo mnyama yeyote asinyweshwe, hata tone. Kila mchungaji hapa anajua jinsi kundi lenye kiu linavyoteremka likishanusa maji. Hata mwenyewe hulikwepa.

Tangu adhuhuri mbuzi wanalia zizini mpaka siwezi hata kufikiri. Nawahurumia. Hooyo pia anawahurumia, anapita akiwapapasa vichwa na kuwaambia wavumilie.

Kesho sitakuwa darasani. Nitakuwa zizini na hooyo, na baada ya alfajiri tutafungua mlango.

Waje na waya wao.