Keki Aliyolishwa Mama Neema

Jumapili, mtoto ndo kwanza kalala

Sijazoea kumkatalia mzee wa watu.

Baba yake Neema, yule bibi harusi wa wiki iliyopita, ndiye aliyenipa kazi ya video. Leo kaitazama, kapiga simu. "Binti, pale Neema anapomlisha mama yake keki, patoe. Mke wangu hajapendezwa."

Huyo mke, mama wa kambo wa Neema, ndiye aliyekaa naye meza ya mbele. Mama mzazi waliachana naye zamani; ukumbini wakamweka nyuma kabisa, karibu na wapishi. MC alipoita wazazi waje kulishwa keki, yeye hakuitwa. Neema akabeba sahani, akaipita meza ya mbele na shela lake, akaenda kumpigia mama yake magoti kule kule nyuma. Mie mbio na kamera.

Kwenye simu nikamwambia, "Baba, nisamehe. Hotuba nitapunguza, nyimbo nitapunguza. Mama mzazi simtoi."

"Basi natafuta mwingine!" Akakata.

Akinisema vibaya kanisani kwao, nani ataniita tena? Naogopa, sitaki kujidanganya.

Jioni nikamtumia Neema kile kipande peke yake, kabla woga haujanishinda. Alikuwa kwa mama yake, Tandale. Amenijibu kwa ujumbe wa sauti, lakini anayesikika ni mama, anacheka: "Jamani, ndo nilikula kwa pupa hivyo? Hebu rudia nione!"

Nyuma yake Neema anasikika akivuta kamasi tu.