Silla Imeingia Nyumbani Mwangu

Jumapili, 12 Oktoba 2008
Tumetoka misa, tunakula bukari na samaki, na bibi yangu wa ndoa, Lucienne, anaanza tena. Silla! Silla! Ufalme wa Korea uliokufa zamani, lakini humu ughaibuni, mtaani kwetu Ixelles, uko hai kuliko mimi. Lucienne anaandika thesis juu yake. Sasa anaongoza wageni kwenye maonyesho ya dhahabu yake. Kila neno — "Arnaud amesema." Arnaud ni mkubwa wake wa kazi. Nikauliza, ana miaka mingapi? Akacheka.

Alhamisi, 16 Oktoba
Nimetengeneza lifti ya ofisi moja pale Schuman, mawazo kwingine. Huyu Arnaud ana ndevu? Ana gari? Upumbavu. Lucienne amerudi akiimba.

Jumamosi, 25 Oktoba
Nimeenda kwenye maonyesho. Kwa siri, kofia hadi machoni, nyuma ya wageni. Arnaud nilimtambua mara moja: mrefu, shati safi, meno yote. Shetani!
Halafu Lucienne akaanza kusema, nikamsahau Arnaud. Alisimama mbele ya taji lenye matawi kama mti. Akasimulia malkia wao, Seondeok. Mfalme wa China alimletea picha ya maua pamoja na mbegu zake. Malkia akatazama, akasema maua haya hayana harufu. Zikapandwa, zikachanua — kweli, harufu hakuna! Alijuaje? Kwenye picha hapakuwa na kipepeo hata mmoja.
Watu waliguna. Sauti ile ya Lucienne! Tangu tuoane sijaisikia mezani kwangu. Ao sikusikilizaga?
Arnaud akaniona. "Ni wewe Kabamba! Lucienne anakutaja kutwa, picha yako iko mezani kwake." Akanishika kwa mikono miwili. Bon. Hata kumchukia amenikatalia.

Jumapili, 2 Novemba
Wakorea, kupitia kwa Arnaud, wamemwalika akasome Gyeongju, uliokuwa mji mkuu wa Silla. Mwaka mzima!
Nililipuka. Wafalme wa watu! Na wetu je? Kule Sanga, kando ya ziwa Kisale, wahenga walizikwa na misalaba ya shaba. Nani anapanga foleni kuwaona?
Alivuta kiti, akaketi. Kisha, polepole: "Kabamba, njo maana nataka kwenda. Kule makaburi ya wafalme ni vilima vya majani katikati ya mji, watoto wanapita kando wakienda masomo. Niende nione wanayatunza namna gani. Halafu nikafanye kwetu."
Kwetu! Donc baada ya Korea, Kisale. Na mimi niko wapi hapo? Nimefika mahali pa kuyaonea wivu makaburi.

Jumatatu, 3 Novemba
Wali umeungua, tumeula hivyo hivyo, kila mmoja akitazama sahani yake.

Ijumaa, 7 Novemba
Asubuhi hii Arnaud atapiga simu kuuliza jibu. Lucienne amevaa, ameketi mbele yangu.
"Ukisema baki, nitabaki," amesema. "Lakini useme wewe, kwa mdomo wako."
Angelia, angenitukana, ningejua la kufanya. Amekaa tu. Nimemwambia kahawa inapoa. Ndilo neno nililopata, mimi mwanaume mzima! Simu iko mezani katikati yetu. Naandika ili nisimtazame.
Inalia.
Yeye haitazami simu, ananitazama mimi. Mkono wangu wa kushoto uko juu ya simu, unaisukuma kwake —