Ulezi wa Skola

Jumatano, baridi ya Juni. Upepo wa Ufipa leo unakata masikio, nami nimevaa makoti mawili.

Niseme ukweli. Nilikuwa najisifu hadi kwenye jumuiya kwamba ulezi wa nyumba yangu hauna mchanga. Hata watu wa mji wa Matai wanaujua. Binti yangu Skola anaupepeta, anauosha, anauanika, kisha anauosha tena. Mara saba, mara kumi. Mikono imempasuka. Mimi nikaona ni usafi, amenifuata baba yake. Kila akiniuliza, "Baba, umetakata?" nachota kiganja, natafuna, namjibu. Mumewe alipochoka akamrudisha nyumbani, nikasema huyo hajui mke.

Miaka sita nilikataa apelekwe hospitali. Mwanangu si kichaa, nilisema.

Leo nimekubali, tumekwenda hospitali Sumbawanga mjini. Daktari, binti mdogo tu, akanieleza: ubongo wa mbele unatuma habari ndani, kuna hatari, angalia. Ndani pana kama lango la kuituliza. Kwa Skola lango halifungi vizuri, habari ileile inarudi mbele, inazunguka.

Nikamwambia nimelima kwa plau miaka arobaini, namjua ng'ombe asiyesikia "simama."

"Haya mzee, basi na wewe ndiye unayemswaga huyo ng'ombe. Ugonjwa hukuuleta. Ila kila ukimjibu umetakata, anapata nafuu kidogo, halafu duara linaanza upya."

Nikabisha. Nikasema Skola mwenyewe hapendi mchanga.

Skola akainama. "Baba, najua ni safi. Najua tangu mara ya kwanza."

Miaka sita, na sikuwahi kumuuliza.

Amepewa dawa, na mazoezi ya kuacha bila kurudia. Mimi nimepewa zoezi moja tu: akiuliza, nisimhakikishie. Nikacheka. Ndani ya gari nikawatambia abiria kwamba hilo kwangu ni dogo.

Jioni akaja na ungo kwa mikono ile iliyopasuka. "Baba, umetakata?"

Nilimwangalia mwanangu anavyoteseka. Nikasema, "Umetakata, mama. Ufipa nzima hakuna kama huu."

Akashukuru. Akageuka, akaenda kuchota maji.

Kesho akiuliza nitasema sijui. Neno hilo watoto wangu hawajawahi kulisikia kinywani mwangu. Nimelijaribu hapa peke yangu, linatoka kama si langu.