Aliyemwita Nyambura pale Chania

Mpendwa Wanjiru,

Hapa Kamenu hatujambo, ila babu yako anakohoa. Unauliza kama Mukunga Mbura, lile joka la upinde wa mvua linalomeza watu, lipo kweli.

Miaka ya hamsini, nikiwa nimemaliza shule, nilienda Chania kuteka maji na mdogo wangu Nyambura. Upinde ulikuwa umesimama kwenye maporomoko, basi tukaketi kungoja uondoke, kama ilivyokuwa desturi. Ghafla Nyambura akaelekea majini. Nikamshika mkono.

"Nyanya ananiita," akasema.

Nyanya tulikuwa tumeshamzika.

"Anasemaje?"

"Anasema uniachilie."

Nilimshikilia mpaka upinde ukafifia. Sijui kama joka lipo, mjukuu wangu. Najua mkono wa Nyambura ulikuwa ukivutwa, na mwenyewe alikuwa amesimama tuli.

Nakuombea,
Nyanya yako