Nondo Wangu na Kabuti la Baba

Majengo, Thika,
8 Novemba 1959.

Mpendwa dada Zainab,

Nakusalimu sana, wewe na shemeji na watoto. Hapo Tanga hamjambo? Yule mdogo aliyekuwa akikohoa amepona? Sisi huku tu wazima wa mwili, Alhamdulillahi, vuli imenyesha vizuri na mihogo ya Mama imestawi. Nasema wa mwili, maana moyo wangu unachemka.

Najua Abdulkarim atakuandikia, kama hajakuandikia tayari. Kaka yetu kwa kushtaki hajambo. Basi sikia na kwangu.

Wajua starehe yangu ya jioni. Nikitoka kiwandani naanika shuka jeupe kwenye kamba ya nguo bustanini, natundika karabai mbele yake, nondo wanakuja wanatua. Nawatazama mbawa na vipapasio, nalinganisha na picha za kile kitabu nilichonunua Nairobi. Wasio na jina kwetu nawapa mimi. Yule mkubwa mwenye macho mbawani anaitwa Zainab. Usinune, ndiye mzuri kuliko wote.

Sasa, juma lililopita Mama alifungua sanduku atoe kabuti la baba, lile marehemu alilorudi nalo vitani. Limeliwa! Mgongo wote matundu, kola inapukutika mkononi. Abdulkarim hakuuliza wala hakungoja. Alisema taa yangu ndiyo iliyowaita wadudu nyumbani, akachukua kasha langu la nondo waliokauka akalimwaga motoni, Zainab na wenzake wote wakateketea. Karabai akaipiga chini. Juu ya hayo akanitolea methali, eti kikulacho ki nguoni mwako, na majirani waliokuwa wakichungulia ukutani wakamwitikia. Mama naye akaacha kunisemesha. Chai yangu ananiwekea mezani, anaondoka.

Dada, huo ni uungwana? Mtu mzima navunjiwa taa kama mtoto!

Na wallahi wote hawajui wasemalo. Nondo wa nguo haji kwenye taa, nuru anaichukia. Anajificha gizani, anataga kwenye sufu yenye jasho isiyopigwa jua, na alaye ni kiwavi chake. Yule Zainab wangu hana hata kinywa cha kulia chakula. Tangu lini asiye na kinywa akala kabuti? Juzi nikasema basi, leo namweleza Mama yote, na Abdulkarim asikie.

Nikamkuta Mama chumbani amelipakata kabuti. Sijafungua mdomo, akanitazama.

"Sikulifua hata mara moja, Faki, wala kulianika. Niliogopa harufu ya baba yenu isije ikatoka."

Nikakaa karibu naye, nikamwambia kweli, ni taa yangu iliyowaleta, anisamehe. Akanishika mkono. Jioni ile tulikula pamoja.

Abdulkarim sijamsamehe, na karabai atanilipa, apende asipende.

Nisalimie shemeji, na shangazi Khamisa mwambie tumbaku yake nitamtumia. Mungu awahifadhi nyote na awaongezee heri. Na dada, nakuomba: Mama akikuandikia kwamba nondo wa Faki walikula kabuti la baba, mjibu kwamba ndiyo, Faki amekosa, na unigombeze mimi, naye asikie.

Mimi nduguyo akupendaye daima,
Faki