C+ ya Kemia

Jumatatu, 24 Februari 1997
Dukani kwa Baba kama kawaida. Kufagia, kufungua madirisha, kupanga majora ya vitambaa. Redio ikatangaza matokeo ya kidato cha nne. Baba akaizima. "Nenda shule ukaangalie."

Wastani B+. Biolojia A. Hisabati A-. Kemia C+.

Mwalimu mkuu alinipa mkono. Wa kwanza kwa wasichana. Nikamwuliza kuhusu udaktari. "Na kemia hiyo, Saumu? Huko wanachagua wenye A tupu. Jaribu uuguzi."

Sikulia njiani. Nimelia jikoni.

Jumanne, 25 Februari
Wageni. Pilau. Nachukia kupongezwa.

Jumatano, 26 Februari
Siachi kuuwaza ule mtihani wa maabara, titresheni. Mwaka mzima bureti moja, mrija wa kioo wa kudondoshea asidi, wasichana wanane. Siku ya mtihani kila mtu na yake, nami sijazoea kuishika. Rangi ikakolea kabla sijafunga koki.

Basi C+ ni haki yangu. Kemia ya vitabuni naijua, ya mikono siijui. Lakini alama inasema nilichofundishwa. Haisemi ninachoweza kujifunza. Hilo ndilo linaniuma.

Alhamisi, 27 Februari
Baba amepata habari. Intavyu ya uuguzi, Mombasa, Jumatatu. Alama zangu zinatosha kabisa.

Jioni akaja Mghoi, tuliyekaa naye dawati moja miaka minne. Yeye anarudia kidato cha nne Werugha, huko milimani, shule ya bweni. Maabara ipo, mwalimu wa kemia yupo. Mwisho wa kuandikisha ni Jumatatu hiyo hiyo.

Usingizi hauji.

Jumamosi, 1 Machi
Nimemwambia Baba nataka kurudia. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Watu wanaililia B+, wewe unaitupa?"

"Siitupi, Baba. Nataka kupanda."

"Na ukishuka?"

Mama akaendelea kuchambua mchele, kichwa chini.

Jumapili, 2 Machi
Naogopa kushuka. Naogopa zaidi kuvaa sare ya uuguzi na kumwonea wivu kila daktari anayepita.

Jumatatu, 3 Machi
Alfajiri Mama alinigongea mlango. "Vaa sweta. Werugha kuna baridi." Tukaondoka wawili. Baba alikuwa msikitini. Sikumuaga.

Mwalimu mkuu wa huko ni mama mwenye sauti ya chini. Alisoma matokeo yangu mara mbili.

"Kwa nini urudie, na haya yanatosha?"

"Hayatoshi kwa ninachotaka, mwalimu. Na titresheni siijui. Nataka kuijua."

Akaanza kuniuliza. Moli ni nini. Asidi, besi. Swali juu ya swali. Jasho, kwenye baridi ile! Mwishowe akaweka kalamu chini.

"Utakaa na watoto watakaokuita dada. Utavumilia?"

Nimesema ndiyo. Mama alinishika mkono mpaka nje.

Jumatano, 5 Machi
Baba amejua. Amekwenda kufungua duka mwenyewe. Nafunga sanduku.

Jumamosi, 15 Machi
Ukungu umefika madirishani. Nina kitanda cha juu, Mghoi cha chini.

Jana Baba alikuja na blanketi. Aliuliza maabara iko wapi. Ilikuwa imefungwa, nikamwonyesha kupitia dirishani. Alichungulia kwa muda, kiganja juu ya macho.

"Vyombo vyenyewe ndivyo hivyo?"

"Ndivyo, Baba."

"Haya. Soma." Akateremka kuwahi gari la kurudi Voi.

Leo hakuna vipindi. Nimefua soksi. Huku hazikauki upesi.